Siku nne Apia: maswali yenu na majibu yangu

Wiki iliyopita niligusia tu kwamba mimi na mume wangu tulitoka Auckland, tunakoishi, tukaenda kupumzika Apia, mji mkuu wa Samoa. Sikujua kama nimechokoza nyuki. Maswali yamemiminika, nami nimechagua machache. Kuna aliyeuliza kama tuligombana huko. Ndiyo, mara moja, mlimani. Nitafika.

Dada, shikamoo. Apia ndiyo wapi, na siku nne zinatosha kweli? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Apia iko pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Upolu, katikati ya bahari ya Pasifiki. Kutoka Auckland ni karibu saa nne kwa ndege. Wakazi wake hawafiki 40,000, yaani ni mji unaoweza kuutembea kwa miguu ukafuata ukuta wa bahari, kutoka kanisa kuu la Wakatoliki hadi sokoni, na ukarudi kabla jua halijawa kali.

Kwa mji peke yake siku nne zinatosha. Ukitaka kuvuka na feri kwenda Savai'i, kisiwa kikubwa zaidi, ongeza mbili. Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja. Utabadilisha mahali kama Auckland, Sydney au Nadi kule Fiji, na hapo ndipo watu wetu wanapokwama. Viza ya kupita tu uwanjani ni jambo la kuuliza kabla hujalipa tiketi.

Halafu, uwanja wa Faleolo uko kilomita 35 hivi nje ya mji. Nyumba ya wageni tuliyofikia iliahidi kutupokea. Tulitua usiku wa manane, hatukuona mtu wala bango. Tukapanda teksi. Asubuhi mwenye nyumba akacheka, akatukaangia mayai, yakaisha.

Ni kweli hawa watu waliruka siku nzima, au ni porojo za mitandaoni? (Baba wawili, Mombasa)

Ni kweli kabisa. Mwaka 2011 walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa ya tarehe 30 haikuwapo. Mwenye kuzaliwa tarehe 30 Desemba alisherehekea lini mwaka huo, sijui.

Sababu ni biashara. Samoa ilikuwa upande wa Marekani wa mstari wa tarehe, ule wa kufikirika baharini unaotenganisha leo na jana, tangu 1892, mwaka ambao walifanya kinyume chake: walirudia tarehe 4 Julai mara mbili. Lakini miaka imekwenda, bidhaa zao na ndugu zao sasa wako New Zealand na Australia. Apia wakiwa kazini Ijumaa, Auckland ilikuwa Jumamosi, ofisi zimefungwa. Apia wakiwa kanisani Jumapili, Auckland Jumatatu watu wako kazini. Wakaamua kuhama upande. Samoa ya Marekani, visiwa jirani vilivyo chini ya Marekani, haikuhama, kwa hiyo ukiruka nusu saa tu kwenda Pago Pago, mji wake mkuu, unarudi jana.

Na si hilo tu. Septemba 2009 walihamisha magari kutoka kulia kwenda kushoto, ili waweze kuletewa magari ya bei nafuu na ndugu zao walioko New Zealand na Australia. Mume wangu alishika usukani kama yuko Tanga.

Ukitaka kupiga simu nyumbani: wao wako mbele ya Afrika Mashariki kwa saa kumi. Dar ikiwa saa nane mchana, Apia ni saa sita usiku.

Mlizungukaje mjini? Teksi ni ghali? (Bi harusi mtarajiwa, Muscat)

Teksi zipo tele na si ghali, ila mpatane bei kabla ya kupanda. Lakini mwanangu, panda basi.

Nakumbuka gari za mbao za Unguja, na haya ni ndugu zao. Bodi ya mbao, rangi za kupiga kelele, madirisha hayana vioo, muziki unakutikisa meno. Yanaanzia sokoni, hayana ratiba ya kueleweka, yanaondoka dereva akiridhika. Konda hakuna. Unamlipa dereva ukishuka, kwa hiyo weka sarafu za tala, pesa yao, mkononi mapema.

Sasa linapojaa. Kwetu konda angesema "songeni mbele," watu wangening'inia mlangoni. Kule hakuna anayesimama, watu wanapakatana. Nilipanda nimebeba kikapu cha mapapai, basi limefurika. Msichana mmoja aliyevaa sare za shule akainuka, akanionyesha kiti chake. Nikakaa. Kabla sijashukuru, naye akakaa mapajani mwangu, kimyaaa, akatazama nje kana kwamba mimi ni mama yake. Tulikwenda hivyo robo saa. Mume wangu kule nyuma alikuwa amepakata mzee mwenye mfuko wa magimbi. Picha hiyo sikuipiga, na ninajuta.

Sisi ni Waislamu. Tutakula nini? (Msomaji, Zanzibar)

Samaki. Wapo wengi na ni wazuri. Chakula chao maarufu, oka, ni samaki mbichi aliyekatwa vipande, akatiwa ndimu, tui la nazi, kitunguu na nyanya. Mume wangu alikataa siku ya kwanza, siku ya tatu akaagiza sahani mbili.

Vingine vyote mnavijua kwa jina lingine. Magimbi. Shelisheli la kuchoma. Ndizi mbichi kwa tui. Palusami ni majani machanga ya magimbi yaliyofungiwa tui zito na kitunguu, yakaokwa juu ya mawe ya moto. Mtu wa Pemba hahitaji kufundishwa kula hicho. Ila uliza kwanza kama wametia pisupo, yaani nyama ya kopo. Neno hilo walilipata kwa supu ya njegere ya kopo iliyofika zamani kutoka ng'ambo, likabaki kuwa jina la nyama ya ng'ombe ya kopo. Na nguruwe yupo sana, hasa kwenye karamu na mlo wa Jumapili. Ukisema huli, hakuna anayenuna.

Jumapili panakuwaje? (Mwalimu, Kigoma)

Panafungwa. Naweza kuishia hapo, lakini hiyo ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote. Alfajiri moshi unapanda nyuma ya kila nyumba, mawe ya umu, jiko lao la kuokea, yanapashwa moto. Saa tatu barabara imejaa watu waliovaa nyeupe tupu, kina mama na kofia za kusuka, wanaume na ie faitaga, ambayo ni kikoi chenye mifuko, pamoja na koti na tai. Baada ya ibada familia zinakula pamoja, halafu mji mzima unalala. Nunueni maji na mkate Jumamosi. Msiwashe muziki. Wanaokwenda Apia wakakasirika kwamba Jumapili hakuna cha kufanya, wangekwenda kwingine tangu mwanzo.

Naweza kuvaa bikini? (hakutaja alipo)

Hotelini, ndiyo. Mjini na vijijini, jifunge lavalava, kitambaa cha kiunoni kama kanga. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya ukoo, hata ufukwe una wenyewe, ndiyo maana utaombwa tala chache ukiingia. Lipa.

Wajerumani walifika mpaka huko? (Mwanafunzi wa historia, Dodoma)

Walifika. Bendera yao ilipandishwa Mulinu'u, kwenye ncha ya mji, tarehe 1 Machi 1900. Gavana wa kwanza, Wilhelm Solf, kabla ya hapo alikuwa hakimu Dar es Salaam. Nilisimama pale nikifikiria mtu mmoja kuhama kutoka bandari yetu kwenda bandari ile, na baadaye kuwa waziri wa makoloni yote.

Agosti 1914 askari wa New Zealand waliichukua Samoa bila kufyatua risasi. Wakaitawala vibaya. Novemba 1918 waliiruhusu meli ya Talune kutoka Auckland kushusha abiria wenye homa ya mafua, na takriban mtu mmoja kati ya watano wa Samoa akafa. Tarehe 28 Desemba 1929 polisi wa New Zealand waliwapiga risasi waandamanaji wa Mau, chama cha kudai kujitawala, barabarani hapohapo Apia. Kiongozi wao Tupua Tamasese Lealofi III alipigwa akiwasihi watu wake watulie. New Zealand iliomba radhi mwaka 2002. Sisi tunaoishi Auckland tunapita kila siku karibu na bandari ilikotoka meli ile, na hakuna aliyewahi kutuambia.

Samoa ilijitawala tarehe 1 Januari 1962. Tanganyika ilikuwa imeitangulia kwa siku 23.

Haya, mligombania nini? (wengi)

Mlima Vaea. Juu yake amezikwa mwandishi Robert Louis Stevenson, aliyefia nyumbani kwake Vailima chini ya mlima huo mwaka 1894. Wasamoa walimwita Tusitala, msimulizi wa hadithi. Kuna njia mbili: fupi inayopanda kama ngazi, na ndefu ya polepole. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mimi nikasema ndefu. Bwana akasema fupi, tena amevaa kandambili.

Katikati akateleza akakaa kwenye tope, nami nikacheka kabla ya kumuuliza kama ameumia. Hilo ndilo kosa langu, nalikubali. Tulipanda kipande kilichobaki bila neno. Kileleni hakukuwa na mtu. Kaburi jeupe, mbu, na Apia yote chini yetu hadi kwenye mwamba ambapo mawimbi yanavunjika. Akachungulia upande mwingine wa kaburi, akaniambia, "Ile ndefu inaanzia wapi?"

Tulishuka nayo. Kandambili alizibeba mkononi.