Maswali yenu: Mbunge kaomba mkataba wa mgodi, kaambiwa ni siri

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni msomaji wenu wa Kanda ya Ziwa, tunaishi jirani kabisa na mgodi. Mbunge wetu kasimama bungeni akataka mkataba wa ule mgodi uwekwe mezani, akasema barabara yetu imekwisha kwa malori, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria na wananchi hatujui kilichosainiwa. Naibu waziri akajibu kifupi tu, mkataba una siri za kibiashara, akakaa. Huku kwetu tumegawanyika, kuna wanaosema mbunge anatafuta kiki na kuna wanaosema hana mamlaka ya kuuliza hayo mambo. Tusaidie. (Mama wa jirani na mgodi)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni na vumbi. Haki anayo, tena imeandikwa. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 63(3), inasema Bunge laweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo kwenye wajibu wake. Hakuna palipoandikwa "isipokuwa mikataba". Kwa hiyo hao wanaosema hana mamlaka waambie wakasome.

Ila kuuliza sio kupewa, na hapo ndo kwenye shida yenyewe. Mkumbuke Buzwagi, wakubwa tunaikumbuka. Februari 2007 waziri wa nishati na madini wa wakati ule, Nazir Karamagi, alisaini mkataba wa mgodi wa Buzwagi kule Kahama, sasa haukusainiwa Kahama wala Dodoma, ulisainiwa hotelini London. Zitto Kabwe, kijana tu wakati huo, mbunge wa Kigoma Kaskazini, akapeleka hoja Agosti akitaka iundwe kamati teule ichunguze. Unajua kilichompata? Bunge likasema kalidanganya, likamsimamisha yeye kwa miezi kadhaa! Mkataba ukabaki salama, muulizaji ndo akatolewa nje.

Lakini angalia kilichofuata, mana watu wengi wanaishia hapo kwenye kusimamishwa. Mtaani kelele zikawa kubwa, na Novemba mwaka huohuo Rais Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta ya madini, na Zitto akawekwa humo ndani. Kazi ya kamati ile ndo iliyosaidia kuleta Sheria ya Madini ya 2010, mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ya kampuni kwa serikali kwa madini inayochimba, ukatoka asilimia 3 kwenda 4, na ukaanza kukokotolewa kwenye thamani ghafi badala ya kile kinachobaki baada ya kampuni kukata gharama zake. Mwaka 2017 ukapanda tena hadi asilimia 6, na serikali ikapata hisa za bure zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi. Sisemi yote hayo yalitokana na swali la mtu mmoja, ila lile swali lilikuwemo. Kiki au sio kiki, mimi binafsi sijali nia ya mbunge, naangalia ameuliza nini.

Na hapo ndo nina neno na mbunge wenu. Kuomba "mkataba uletwe" kunampa naibu waziri mlango wa kutokea, anasema siri basi imeisha. Kuna Sheria Namba 6 ya 2017, ile ya masharti hasi, yaani yanayoiumiza nchi, kwenye mikataba ya maliasili, inataka mkataba wowote wa maliasili uliofanywa na serikali utolewe taarifa bungeni ndani ya siku 6 za vikao vya mkutano unaofuata. Bunge likiona kuna masharti hasi laweza kupitisha azimio serikali irudi mezani na mwekezaji, na yasiporekebishwa sheria inayahesabu kama yamefutwa. Kwa hiyo kama mkataba wenu ni wa baada ya sheria hiyo, angeuliza hivi: taarifa ya mkataba huu ililetwa Bunge hili tarehe ngapi? Hilo halijibiki kwa siri za kibiashara, ni tarehe ipo au haipo.

SWALI: Kaka habari. Hii ya bandari ya Dar es Salaam na DP World, ile kampuni ya Dubai, mbona kila mtu anaongea lake, wengine wanasema Bunge lilipitisha mkataba, wengine wanasema Bunge halikuuona. Nani mkweli? (Dereva wa Temeke)

JIBU: Wote wawili, kila mmoja anaongelea karatasi yake. Ya kwanza ni makubaliano kati ya serikali yetu na serikali ya Dubai, yalisainiwa Oktoba 2022 na Bunge likayaridhia tarehe 10 Juni 2023, mana ibara ile ile ya 63(3) inasema mikataba inayohusu Jamhuri na ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa ipelekwe bungeni. Ya pili ni mikataba ya uendeshaji wenyewe, iliyosainiwa Ikulu ya Chamwino tarehe 22 Oktoba 2023, hiyo ndo yenye miaka 30 na gati namba 4 mpaka 7. Hii haikupita kuridhiwa na Bunge. Sasa ukitafakari, yale makubaliano yaliyoridhiwa Juni yaliongelea mfumo tu, vitu ambavyo mbunge wa kawaida angetaka kujua, nani analipa nini na mfanyakazi wa bandarini anabaki au anaondoka, vipo kwenye hii ya pili. Kwa maoni yangu mjadala mkubwa wa 2023 ulipiganwa kwenye karatasi nyepesi. Ukisikia mbunge anasema "mkataba" muulize kwanza upi.

SWALI: Mbunge wetu huku kusini anauliza kila mwaka kuhusu barabara, kila mwaka anajibiwa. Mbona hakuna kitu? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Ndugu yangu nimesoma majibu ya bungeni miaka mingi mpaka nayajua kwa sauti. "Serikali inaendelea na upembuzi yakinifu" maana yake hakuna hela. "Ujenzi utaanza pindi fedha zitakapopatikana" maana yake hakuna hela na hawajui lini. "Nipo tayari kuambatana na Mheshimiwa kwenda jimboni" maana yake kuna picha itapigwa. Jibu la kweli lina kilomita, lina mwaka wa fedha na lina kiasi, likikosa hivyo vitatu andika tu hakuna. Aliyeuliza swali la msingi ana maswali mawili ya nyongeza, wengi wanalitumia la kwanza kumpongeza waziri, nafasi inaondoka hivyo.

Silaha kubwa zaidi ipo wakati wa bajeti, ile ya kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani mbunge anatoa hoja ya kuizuia mpaka aridhike. Mbunge akiishika, waziri inabidi atoe maelezo ya kueleweka, la sivyo wanajadili. Shida yake wengi wanashika halafu baada ya dakika chache wanairudisha kwa ahadi ileile ya jana yake. Mwangalieni wenu, akiirudisha kapewa nini?

SWALI: Mbunge akisema jambo zito bungeni anaweza kushtakiwa? (Mwanafunzi, Mbeya)

JIBU: Mahakamani hapana, ibara ya 100 inalinda aliyoyasema ndani ya Bunge. Bunge lenyewe linaweza kumwadhibu, kama ulivyoona hapo juu. Na akirudia maneno yaleyale kwenye mkutano wa hadhara nje, ile kinga haimfuati.

SWALI: Mimi sio mbunge, nawezaje kujua kampuni inayochimba kwetu inalipa nini kijijini? (Kijana, Geita)

JIBU: Anzia halmashauri, usianzie Dodoma. Kuna ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni, unaolipwa halmashauri, na kuna mpango wa kila mwaka wa kuhudumia jamii ambao Sheria ya Madini inataka mwenye leseni aukubaliane na halmashauri. Vyote viwili vinapita kwa madiwani, na mbunge wako ni mjumbe wa baraza hilohilo, kwa hiyo akikwambia hajui mshangae. Kikao cha baraza ni cha wazi, nenda ukakae nyuma usikilize. Wakikunyima taarifa andika barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, wana siku 30 za kukujibu. Omba kitu kimoja chenye mwaka wake, mfano ushuru wa huduma uliopokelewa toka mgodi fulani mwaka fulani wa fedha, usiombe "taarifa zote za mgodi" mana barua ya hivyo inalala. Hakikisha wanakugongea muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, siku 30 zinahesabiwa toka hapo.