Usianze na nani alishinda: uliza nani alisukuma gari

Majina ya walioshinda mbio za magari za East African Safari utayapata kwenye simu kabla chai yako haijapoa. Mbio za kwanza zilikuwa 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na hazikuwa na mshindi rasmi wa jumla, ila Alan Dix na Volkswagen yake ndiye aliyekatwa alama chache kuliko wote. 1954 na 1955 akashinda Vic Preston. 1966 na 1967 ikawa zamu ya Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Hayo yameshaandikwa na hayaendi popote. Wanaotutoka kila mwaka ni wengine: fundi aliyekesha akichomelea springi, kijana aliyeingia kwenye tope hadi magotini akasukuma gari kwa ujira wa shilingi, karani aliyekaa kando ya barabara na saa yake akisubiri magari kwenye mvua. Hao ndio ninaowatafuta Mwanza na vijiji vya njia ya Musoma. Vijana wameniuliza waanzie wapi, basi naandika ninavyofanya mimi.

Kwanza wasikutishe wanaosema mbio za magari ni historia ya Nairobi. Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent walipokuwa wakipanga mashindano yale, wazo lao la awali lilikuwa kulizunguka Ziwa Victoria. Wakaliacha kwa sababu sehemu za barabara zisingepitika mvua zikinyesha. Kwa hiyo matope yetu yaliingia kwenye historia hii kabla gari halijawashwa. Sijui kama ni sifa, lakini ni yetu.

Anzia gereji. Usiende na daftari mkononi kama mtu wa sensa. Mimi hubeba spea kuukuu, mara nyingi kabureta ya Solex, ya aina iliyofungwa kwenye Volkswagen na Peugeot za zamani. Nasalimia, "mwangaluka" kwa Msukuma, shikamoo kwa wengine, nakaa kwenye benchi, naiweka mezani bila kusema kitu. Mzee aliyeshika spana ujana wake wote hawezi kuiacha pale. Ataigeuza, atapuliza tundu la jeti, atakuambia aliyeifungua mara ya mwisho hakujua kazi. Hapo umeshaingia ndani. Ukiuliza "unakumbuka nini kuhusu mashindano?" utajibiwa "tulikuwa tunaona yanapita tu". Ukiuliza "gari likija hapa limevunjika springi, mlikuwa mnafanyaje?" utakaa mpaka adhana ya alasiri. Atakueleza walivyokata springi ya lori la pamba wakaipunguza ienee, nani alikuwa na jenereta ya kuchomelea, na Singasinga yupi alimfundisha kazi kwa makofi. Kila jina analotaja, muulize nyumba yake ilikuwa wapi na watoto wake wako wapi. Jina tupu halikupeleki popote.

Muulize pia udongo. Wasukuma wanaijua ardhi yao kwa majina, na mzee hatakuambia tu kwamba gari lilikwama. Atasema lilikuwa limetoka kwenye luseni, mchanga wa juu, likaingia mbugani, kwenye udongo mweusi unaovimba ukilowa na kuganda kwenye tairi hadi madigadi yajae. Maelezo kama hayo yanakusaidia kupata mahali penyewe, maana mbuga haihami. Kama anaona raha zaidi kusimulia kwa Kisukuma, mwache asimulie. Tafsiri utaifanya nyumbani.

Sasa tarehe, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Wazee hawakumbuki miaka, wanakumbuka Pasaka, kwa sababu kwa miaka mingi Safari ilifanyika wikiendi ya Pasaka, katikati ya masika. Ni mwanzo mzuri, lakini hautoshi. Chukua mfano. Mzee anasema: "Mwaka ule yalimaliza magari saba tu, na la kwanza lilikuwa Peugeot." Unafurahi, unaandika 1963, mwaka ambao magari 84 yalianza na saba yakafika. Ngoja kwanza. 1968 nako yalimaliza saba, na miaka yote miwili walioshinda ni walewale, Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, tena kwa Peugeot 404. Hata akikutajia dereva, hajakusaidia.

Kinachosaidia ni vitu vya maisha yake mwenyewe. Nauliza hali ya ziwa. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, zile za wakati wa Uhuru, maji yalipanda zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na watu wa ufukweni walihamisha nyumba na mashamba. Asemaye ziwa lilikuwa likiwafukuza anakuelekeza 1963. Nauliza kama Azimio la Arusha lilikuwa limeshatangazwa. Halafu nauliza ile shilingi aliyolipwa ilikuwa na picha gani. Akisema sura ya Mwalimu, 1963 imekufa palepale, kwa sababu shilingi ya Tanzania ilianza 1966. Akisema simba, endelea kuuliza, maana sarafu za zamani za Afrika Mashariki, zile za simba, hazikupotea mikononi mwa watu kwa siku moja.

Jihadhari pia na neno Safari lenyewe. Kwa wazee wengi, gari lolote lililopita kwa kasi likiwa na namba ubavuni ni Safari. Yaweza kuwa mbio za klabu fulani, au timu iliyokuwa ikikagua njia wiki kadhaa kabla. Mimi naandika "mzee anasema", na chini yake naweka kilichothibitishwa na kilichobaki. Wapo watakaokuona mbishi. Wavumilie.

Picha zina safari zao. Sheria ya 1971 ya kutaifisha majengo ilizifanya familia nyingi za Kihindi kufunga virago, na albamu zikaondoka nazo kwenda Uingereza na Kanada. Picha ya gereji ya Mwanza inaweza kuwa kabatini Leicester au Toronto leo. Njia ninayoiamini ni kumtafuta ndugu aliyebaki, anitambulishe kwa wajukuu wa huko, na niombe nyuma ya picha kabla ya mbele. Nyuma ndiko kuna mhuri wa studio na mwandiko wa bibi. Wakikutumia, waombe watume kama faili, si kama picha ya WhatsApp inayobanwa mpaka namba ya gari haisomeki. Za hapa nyumbani usizibandue kwenye albamu, zipige zikiwa humohumo, na ukiandika nyuma tumia penseli. Wala usirushe kitu kwenye magrupu kabla mwenye picha hajaridhia.

Kuhusu nyaraka nitakuwa mfupi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo cha kanda Mwanza. Nenda na barua ya utambulisho, na usitafute faili la "mbio za magari". Tafuta barabara, madaraja, Idara ya Ujenzi, polisi. Serikali haikuandika mbio, iliandika uharibifu.

Mwisho ni barabara yenyewe. Huko Marekani, mji mdogo wa Watkins Glen, New York, ulianza mbio 1948 kwenye barabara zake za kawaida, mzunguko wa kilomita kama 10.6, na leo njia ile imo kwenye orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Ni lami ya kawaida tu, watu wanaendea sokoni. Sisi tunaweza kuanza na vipande vya barabara ya zamani vilivyobaki pembeni ya lami, hasa kwenye vivuko vya Simiyu, Mbalageti na Grumeti, mito inayoikata njia ya Musoma ikishuka ziwani. Nenda kiangazi, maji yakiwa chini. Piga picha drifti, yaani kivuko cha chini ambacho maji hupita juu yake, ukiwa umeweka futikamba ionekane, chukua alama za ramani kwenye simu, na mpeleke mzee mwenyewe akuonyeshe aliposimama, akiwa bado anaweza kupanda gari. Nakala moja iende kwa familia yake, nyingine ofisi ya kata. Mkandarasi akija kupanua barabara, angalau mtendaji atakuwa na karatasi ya kumwonyesha.