Jibu: Yale "mabomba" ya udongo kwenye kuta za Zawar

Salaam mkuu. Umeuliza kama mirija ya udongo uliyopiga picha ukutani kule Zawar, karibu na Udaipur, India, ni mabomba ya maji kama alivyokwambia dereva. Hapana. Nilipokuwa nasoma huko nami nilidanganywa hivyohivyo.

Anza na ncha. Bomba liko wazi pande zote mbili. Hivi ulivyopiga picha vina tumbo lililozibwa, umbo la biringanya, na shingo nyembamba. Kisha pitisha kidole kwa nje: panateleza kama kioo, maana udongo uliyeyuka kwa moto. Ni vyungu vya kukenekea metali ya zinki, yaani kuigeuza mvuke kisha kuupoza, na wanakijiji waliviokota kwenye majalala wakajengea. Tofali la bure nani ataliacha?

Zinki ni msumbufu: hugeuka mvuke kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, kwa hiyo ukiichoma tanuri wazi inapotea hewani. Mafundi wa Zawar walijaza chungu vidonge vya mawe ya madini na mkaa, wakachomeka kijiti shingoni vidonge visimwagike, wakapindua chungu. Kijiti kikiungua kinaacha njia ya mvuke kushuka kwenye chumba cha chini kisicho na moto mkali, ambako unapoa na kuwa zinki. Kama gongo, ila huku mvuke unashuka badala ya kupanda. Tanuri moja lilipanga vyungu 36, sita kwa sita.

Umri wa hivyo vyako siwezi kuusema kwa picha. Ukirudi, omba uoneshwe mashimo ya zamani ya kuchimba madini: ukuta laini wenye masizi ni wa waliopasua mwamba kwa moto.