Mnaoniuliza kuhusu unesi na jeshi la akiba Marekani

Wadogo zangu, swali linalonifikia mara nyingi kutoka Tanzania ni hili: mtu aje Marekani kwa unesi, kisha ajiunge na jeshi ili apate uraia haraka? Mimi ni nesi wa hospitali na afisa wa jeshi la akiba, kwa hiyo nawajibu wazi.

Unesi, njooni. Ukifaulu NCLEX, yaani mtihani wa leseni ya unesi wa huku, na kupata leseni ya jimbo, kazi ipo na mshahara unatosha kuishi na kutuma nyumbani. Kabla ya hapo kuna kuhakikiwa vyeti, na chuo chako ndicho kinachotakiwa kutuma rekodi zako moja kwa moja, kwa hiyo kiandameni mkiwa bado huko. Wengi wanaanza kwa kuhudumia wazee, kuwaogesha na kuwageuza kitandani. Ni kazi ya heshima, na mgongo unaumia. Zamu ni za saa 12.

Jeshi ni habari nyingine. Kwa kawaida askari wa akiba anaitwa wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili hivi kwa mwaka. Wikiendi hiyo inalipwa kama siku nne za mshahara wa msingi, na hapo ndipo hesabu za wengi huishia. Lakini ukishasaini, unaweza kuitwa wakati wowote. Mwaka 2020 madaktari na manesi wa akiba walikusanywa kwenye vikosi vya watu 85 na kupelekwa kuokoa hospitali zilizozidiwa na korona. Sheria ya mwaka 1994 inamlazimu mwajiri kukurudisha kazini ukitoka jeshini, ila wanao utakuwa umewaachia nani?

Shangazi zangu wanauliza kama nimeshaua mtu. Hapana, shangazi. Bunduki tunafundishwa, lakini Mikataba ya Geneva, yaani sheria za kimataifa za vita, inamtaka mhudumu wa tiba aitumie kujilinda na kulinda wagonjwa wake tu. Majeruhi wa adui akifika mbele yangu, namtibu kwa kadiri ya jeraha lake. Sehemu hii ya kazi naipenda kuliko zote.

Sasa uraia, maana hapa ndipo mnapodanganyana. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaweza kuwa askari wa kawaida, na sheria inawapa wanajeshi njia fupi kuliko ile miaka mitano ya waombaji wasio wanajeshi. Kuwa afisa kwa kawaida kunataka uwe tayari Mmarekani. Na Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Wenzetu Wakenya waliruhusiwa na katiba yao ya 2010, sisi bado. Kwa hiyo cheo cha afisa nilikilipia kwa pasi yangu ya Tanzania. Leo nikija kumsalimia mama nalipia viza dola 100, na kwenye foleni ya uhamiaji nasimama na wageni. Inauma, na sijaizoea.

Tena ukichunguzwa ili uaminiwe na siri za jeshi, fomu inauliza ndugu zako walioko nje, pamoja na raia wa kigeni unaowasaidia kwa fedha. Hela ya dawa za mama unaiandika humo. Andikeni ukweli wote, kwani kuficha ndiko kunakoharibu.

Kwa hiyo anayetaka makaratasi tu, asivae gwanda. Atafute njia ya unesi yenyewe, inamfikisha, ingawa polepole. Anayetaka kutumikia kwa moyo, na ameshazungumza na wazazi kuhusu pasi, nitamsaidia kwa nguvu zangu zote. Aanze na shahada ya uuguzi, kwa sababu kwa stashahada peke yake hatapewa kamisheni, yaani cheo cha afisa, kama nesi. Mwenye stashahada anaweza kuiendeleza huku akiwa kazini, na baadhi ya hospitali humsaidia ada.