Mjomba kaniletea upinde, kamba inanichapa mkono

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Newala. Mjomba wangu ni baharia, na safari hii aliposhuka Mtwara aliniachia upinde wake wa kompaundi, ule wenye magurudumu juu na chini. Urefu wake wa kuvuta umewekwa inchi 29. Nalenga magunia ya mchanga nyuma ya nyumba, lakini kamba inanichapa mkono wa kushoto mpaka unavimba, na mishale inatawanyika hovyo. Rafiki yangu ananiambia nizidishe mazoezi, mkono utazoea. Kimo changu ni sentimita 170. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Huyo rafiki mwambie mkono haurefuki kwa mazoezi. Mjomba ni mjomba, lakini mabega yake si yako.

Upinde wa kienyeji unavuta unapofika, unaachia. Kompaundi sivyo. Magurudumu yake yanazunguka hadi yanagota, na hapo ndipo mwisho wa kuvuta. Karibu na hapo uzito mkononi unashuka sana. Pinde nyingi za siku hizi hupunguza asilimia 65 hadi 85. Ukikomea njiani, unabaki umeshika mzigo mzito huku mkono ukitetemeka. Ukilazimisha kufika pasipo kwako, mwili unajipinda. Kwa hiyo urefu wa kuvuta umo ndani ya upinde, na ni upinde unaorekebishwa ukufuate wewe.

Kaazime futikamba kwa fundi cherehani. Simama mgongo ukutani, nyoosha mikono pembeni kwa utulivu, viganja mbele, usijitanue kama unashindana na mtu. Mwenzako apime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kile kingine. Igawe kwa 2.54 upate inchi, kisha gawa kwa 2.5. Tuseme umepata sentimita 172: ni inchi 67.7, ukigawa unapata 27. Wewe unavuta 29! Ndiyo maana unachapwa.

Hiyo 27 ni ya kuanzia tu. Ukitaka kuhakiki namba ya upinde wenyewe, ujue haipimwi hadi kishikio peke yake: hupimwa kutoka pale mshale unapopachikwa kwenye kamba, upinde ukiwa umevutwa wote, hadi kwenye kina cha kishikio, halafu inaongezwa inchi 1¾. Wengi hupima bila nyongeza hiyo wakadhani kiwanda kimewadanganya.

Sasa mwambie mtu akupige picha kwa ubavuni ukiwa umevuta. Kamba iguse pembe ya mdomo na ncha ya pua, kichwa kikiwa wima. Kiwiko cha mkono ulioshika upinde kilegee kidogo. Ukijiona umeegemea nyuma, bega la mbele limepanda, na mkono wa kuvuta umepita hadi nyuma ya sikio, bado ni mrefu, punguza nusu inchi. Kiwiko cha nyuma kikitokeza nje na ukajiona umejikunja, ni mfupi. Ninaowaona mimi, wengi wanavuta mrefu kupita kiasi, kwa sababu inchi moja ya ziada huongeza mwendo wa mshale takriban futi 10 kwa sekunde. Kasi hiyo ina faida gani kama mshale umeishia kwenye mkorosho wa jirani?

Kurekebisha: tazama kwenye magurudumu kama kuna kipande kidogo kilichofungwa kwa skrubu, chenye namba au herufi pembeni. Pinde nyingi unalegeza kwa spana ya L, unasogeza, unakaza. Yakiwa mawili, yote yawe kwenye alama moja. Nyingine zinataka mashine ya kukandamiza mikono ya upinde. Hizo usijaribu kwa nguvu zako. Mimi natengeneza baiskeli hapa Mikindani na spana ninazo za kila aina, lakini upinde wa aina hiyo siufungui bila mashine yake. Na kamwe usiachie kamba bila mshale, upinde unaweza kupasuka mikononi.

Mishale ya mjomba usiikate kwanza. Mrefu hauna hatari. Mfupi unaorudi nyuma ya pale unapoegemea kwenye upinde ndio unaotoboa mkono. Na shabaha ibaki magunia: kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Swali: Mimi ni binti wa Lindi mjini, mfupi, mikono sentimita 152. Nimeambiwa kompaundi si yangu.

Jibu: Aliyekuambia hajapima. Wewe ni inchi 24, na pinde zinazoshuka hadi hapo zipo. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuonyeshe urefu wa kuvuta ulioandikwa kwenye upinde, si wa mdomoni, na uanze na uzito unaoweza kuuvuta ukiwa umekaa kwenye kiti.