Wanamfundisha mwanangu matusi halafu wanacheka

SWALI: Shkamoo Anti. Kijana wangu ana miaka tisa, yuko darasa la tatu shule ya serikali huku Tabata, ana usonji, ile hali ya kuzaliwa nayo (autism) inayomfanya aongee na kuelewana na watu kwa namna yake. Kusoma anasoma, hesabu ndo usiseme. Sasa wenzie wamegundua ukimwambia neno analirudia vile vile, basi mapumziko wanampa tusi wanamtuma akamwambie mwalimu, wao wanabaki kuangua vicheko. Juzi kachapwa. Baba yake anasema niache tu, bora ana marafiki, na mtoto mwenyewe akirudi anafurahi kweli. Darasani sijataka waambiwe hali yake, watamwita zezeta. Nimhamishe?
Mama wa Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie baba hao bado si marafiki, wamepata kichekesho cha bure. Watoto wengi wenye usonji wanatamani sana wenzao, ila kujua huyu ananicheka au tunacheka wote ndo shughuli, kwa hiyo hiyo furaha isikudanganye. Ila usimwambie "hawakupendi" utamvunja bure. Mpe jibu moja fupi, "kaseme mwenyewe", mrudie kila siku nyumbani mkiigiza, wewe ndo mtukutu yeye anajibu, mpaka limkae mdomoni, si anakariri? Wanatumia hicho hicho, na wewe kitumie.

Fimbo sasa. Nenda kwa mwalimu mkuu umweleze kurudia maneno ni sehemu ya usonji kwa watoto wengi, sio utundu. Na uliza aliyechapa aliruhusiwa na nani, maana kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinataka idhini ya mkuu wa shule, viboko visizidi vinne na viandikwe kwenye kitabu. Ukiuliza hilo kwa upole utaona wanavyokaa vizuri kwenye kiti. Omba pia mwalimu wa zamu awe anapita pale wanapokaa mapumziko, darasani kuna mwalimu, vituko viko nje.

Kuhusu kuficha hapo sikubaliani na wewe kabisa. Watoto wameshamuona anaziba masikio kengele ikilia, wameshajua yuko tofauti, wasipoelezwa watajieleza wenyewe, mara karogwa mara ana mapepo. Muulize yeye kwanza kama anataka awepo au asiwepo, halafu mwalimu aseme kwa lugha ya kitoto: kelele zinamuumiza, utani mwingine haumuingii, hesabu muulizeni yeye. Asiombewe huruma, mtoto wa kuhurumiwa hachaguliwi kwenye timu. Halafu tafuta mmoja tu anayependa anachopenda yeye, mwite Jumamosi aje wacheze, mmoja wa kweli anatosha kuanzia.

Kuhama subiri. Vitengo vya usonji vipo, hapo Ilala Msimbazi Mseto wanacho, ila wako anafuata masomo, na ukimpeleka shule nyingine na siri ile ile utaniandikia tena mwakani.

Na yule kinara wa matusi, mama yake si mnajuana mtaani? Mfuate mkaongee. Ila usiende umejifunga kanga kiunoni.