Sarafu za Kale: Nikiirudisha, Nitapata Hela Yangu?

Barua za safari hii zimetoka Moshi na Arusha. Mmoja tu ameandika akiwa upande wa muuzaji. Wengine ni wanunuzi wanaotaka kurudisha.

Shikamooni. Nilinunua rupia ya Mjerumani ya mwaka 1893 kwa Sh 180,000 kwa muuza vitu vya kale hapa Moshi. Aliniambia ni ya madini ya fedha. Siku ya tatu niliisogeza karibu na sumaku ya spika, ikanasa. Niliporudi kwake alinionyesha maandishi chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Je, ndiyo nimeliwa?
*Msomaji wa Pasua, Moshi*

Marahaba. Hujaliwa, ila usichelewe.

Kwanza sarafu yenyewe. Rupia ya kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zile za kati ya 1890 na 1902, ina uzito wa gramu 11.66, kipenyo cha karibu milimita 30, na fedha sehemu 917 kati ya 1,000. Zilizobaki ni shaba nyekundu. Fedha hainaswi na sumaku, wala shaba nyekundu hainaswi. Sarafu iliyonasa ina chuma ndani, basi si rupia halisi, hata kama Kaiza Wilhelm wa Pili na kofia yake ya tai wanaonekana vizuri. Tazama pia upande wa pili: rupia ya 1893 lazima iwe na simba na mnazi. Ukikuta neno "1 RUPIE" limezungushiwa majani, huo ni mchoro ulioanza 1904, na tarehe ya 1893 haiwezi kukaa hapo.

Wasomaji wengine waangalie: kutonaswa na sumaku hakuthibitishi kitu. Shaba ya njano haina sumaku, na shilingi ya Afrika Mashariki ya 1948 haina pia, ilhali haina fedha hata chembe. Kipimo kinachofuata ni cha maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, ifanye isome sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi. Rupia halisi itaifanya mizani isome takriban gramu 1.13. Ya shaba ya njano yenye uzito uleule itasoma karibu 1.37. Sarafu iliyolika huwa nyepesi kidogo, kwa hiyo gawanya uzito wake mkavu kwa namba hiyo ya majini. Jibu liwe karibu na 10.3. Ukimaliza ikaushe kwa kuigandamiza kwa kitambaa cha pamba. Usiifute kwa kusugua.

Hapo ndipo wengi wanapojiharibia kesi. Wanaipeleka kwa sonara, sonara anaipiga tupa na kuidondoshea asidi. Jibu linapatikana, lakini sarafu imeshachubuka na muuzaji anasema, "Mimi sikukupa hii." Sonara mwombe mizani tu. Majivu, ndimu na dawa ya meno viwe mbali kabisa.

Sasa haki yako. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo hayo. Muuzaji akisema rupia ya fedha, atoe rupia ya fedha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mnunuzi. Maandishi ya chini ya risiti yanaweza kumkinga muuzaji dhidi ya mtu aliyebadilisha mawazo tu. Hayamkingi aliyetoa kitu tofauti na alichokitaja.

Fanya hivi. Piga picha nyuso zote mbili na ukingo, sarafu ikiwa kando ya risiti. Andika barua fupi, nakala mbili: tarehe ya kununua, bei, maneno aliyokuambia, ulichokigundua, na sentensi moja iliyo wazi, "Ninaikataa sarafu hii na ninaomba kurudishiwa Sh 180,000 ndani ya siku saba." Asaini nakala yako. Akigoma, peleka na shahidi, shahidi ndiye asaini. Barua hiyo ina uzito kwa sababu mnunuzi akikaa na mali muda mrefu bila kusema lolote huhesabiwa ameikubali. Vilevile usiiweke rehani wala kuiuza wakati shauri linaendelea, maana hicho ni kitendo cha mwenye mali. Na sarafu usiiachie mpaka hela iwe mkononi, au upate hati yenye sahihi inayotaja amepokea nini. Ukiiacha dukani "aichunguze", umemwachia ushahidi wako wote.

Risiti yako imeandikwaje? Kama inasema "rupia ya 1893, fedha", uko pazuri. Kama inasema "sarafu 1", utamhitaji mtu aliyesikia mazungumzo, au ujumbe wa simu wa siku ile. Asipolipa baada ya siku saba, milango miwili iko wazi: malalamiko kwa Tume ya Ushindani, na madai Mahakama ya Mwanzo.

Nina reale ya 1780 niliyoinunua Arusha. Rafiki yangu anayekusanya sarafu amenicheka, anasema haikutengenezwa 1780. Naweza kuirudisha kama bandia?
*Kijana wa Sakina, Arusha*

Rafiki yako huenda amesema kweli, lakini neno "bandia" haliifai sarafu hiyo. Maria Theresia, malkia aliye kwenye sarafu hiyo, alifariki 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu waliiamini reale yenye tarehe hiyo na kuikataa nyingine yoyote, kwa hiyo iliendelea kupigwa Vienna, na baadaye London, Rome, Bombay na kwingine, zote zikiandikwa 1780. Ni madini ya fedha kweli: gramu 28.07, fedha sehemu 833 kati ya 1,000, yaani gramu 23.4 hivi za fedha tupu. Zilizo nyingi sokoni ni za karne ya 19 na ya 20.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea maneno. Kama kibandiko kilisema "Reale ya Maria Theresia, tarehe 1780", umepata ulichonunua. Kama muuzaji aliandika "imepigwa mwaka 1780" na akakutoza bei ya umri huo, hayo ni maelezo yasiyo ya kweli, na unafuata njia ya msomaji wa Pasua.

Ukikuta maneno yalikuwa sahihi ila wewe umejuta, hapo hakuna sheria inayomlazimisha muuzaji. Omba kubadilishiwa badala ya kurudishiwa hela. Wengi hukubali haraka zaidi, maana fedha taslimu haitoki dukani. Nenda mapema, na sarafu ikiwa kwenye mfuko uleule.

Niliagiza Marekani rupia 15 za dhahabu za Tabora, ikiwa ndani ya kasha la plastiki lililofungwa na kampuni ya kupima sarafu. Nilipoipata nililipasua nione vizuri. Naona mkwaruzo ambao sikuuona kwenye picha. Muuzaji alitangaza siku 14 za kurudisha.
*Mkusanyaji, Moshi*

Kwa mkwaruzo huo, pole sana: umefunga mlango mwenyewe. Karibu kila muuzaji wa sarafu zilizopimwa huandika kwamba haki ya kurudisha inakufa kasha likifunguliwa. Sababu yao ina msingi. NGC au PCGS, kampuni za kupima sarafu, walipoifunga walitoa daraja kwenye kipimo cha 1 hadi 70, na bei ilifuata namba hiyo. Nje ya kasha, hakuna wa kuthibitisha kwamba sarafu uliyoshika ndiyo iliyokuwa ndani, wala kwamba mkwaruzo haukutokana na bisibisi yako. Tunza vipande vya plastiki pamoja na karatasi yake ya namba, viambatanishe ukiipeleka kupimwa upya.

Mengine haya ni kwa atakayeagiza kesho. Rupia 15 za 1916, yenye ndovu mbele ya mlima na herufi T ya Tabora, zilitengenezwa 16,198 tu, kila moja gramu 7.168, dhahabu sehemu 750. Bei yake inavutia waghushi wa sarafu na waghushi wa makasha. Kabla ya kulipa, ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni iliyoipima. Namba kuwepo hakutoshi: linganisha picha ya kampuni na picha ya muuzaji, doa kwa doa, kwa sababu namba halisi hunakiliwa kwenye makasha ya uongo. Ukiona neno "Details" badala ya namba ya daraja, sarafu iliwahi kusafishwa au kuumizwa. Hilo halitakuwa sababu ya kurudisha baadaye, kwa kuwa liliandikwa wazi.

Muulize pia siku 14 zinaanza lini. Zikihesabiwa tangu siku aliyotuma, mzigo wa Moshi unaweza kufika zimekwisha. Mtake aandike "tangu siku ya kupokea". Ulizia nani analipa usafiri wa kurudisha. Na usiirudishe kwa barua ya kawaida: kanuni za posta za kimataifa haziruhusu sarafu na dhahabu kwenye barua isiyo na bima. Ikipotea njiani, muuzaji atasema hajapokea, posta itasema haikupaswa kuwemo. Ikiwa ulilipa kwa kadi na umetumiwa kitu kingine kabisa, benki yako inaweza kuupinga muamala; kwa kadi za Visa muda wa kawaida ni siku 120. Mnada ni habari nyingine. Huko sarafu hurudi ikithibitika si halisi, na mafungu ya sarafu nyingi mara nyingi hayarudi kabisa.

Nina duka la vinyago na vitu vya kale karibu na Mnara wa Saa. Wateja wengine wanarudisha sarafu ambazo nina hakika si zangu. Niandike masharti gani?
*Mfanyabiashara, Arusha*

Ondoa "mali ikishauzwa hairudishwi". Linamfukuza mteja mwema na halimzuii mjanja. Kinachomzuia ni kumbukumbu. Siku ya kuuza, pima uzito hadi gramu 0.01, piga picha nyuso mbili na ukingo, andika uzito huo kwenye risiti. Hakuna rupia mbili zilizolika sawasawa. Tia sarafu kwenye kadi ya sarafu yenye dirisha, uibane kwa pini, na ubandike stika yenye sahihi yako kwenye muungo. Epuka vifuko laini vya plastiki ya PVC. Kwenye joto huacha utando wa kijani juu ya shaba, kisha lawama zinakuwa zako.

Masharti yawe mafupi, ukutani na kwenye risiti. Tungeandika hivi:

"Sarafu inarudishwa ndani ya siku 7 tangu kupokelewa, stika ikiwa nzima, uzito na picha vikilingana na vya risiti. Isiwe imesafishwa, kuchubuliwa wala kutiwa asidi. Hela inarudi kwa njia iliyolipiwa, ndani ya siku 3. Sarafu ikithibitika si halisi, inarudishwa wakati wowote na hela yote inatoka."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiogope. Kama unaogopa kuiandika kwa sarafu fulani, basi usiiuze kama halisi. Andika "nakala" kwa herufi kubwa na uiuze kwa bei ya nakala. Sarafu za dhahabu zinazouzwa kwa uzito, kama Krugerrand, ziwekee sharti lake: hazirudishwi kwa kubadilisha mawazo, unazinunua tena kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo. Vinginevyo mteja atasubiri bei ishuke, akurudishie hasara.

Na jambo moja zito. Vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Sarafu za masultani wa Kilwa zimo humo. Pesa ya Sultani Barghash yenye mizani, ya mwaka 1299 Hijria, ni ya 1882, kwa hiyo umri huo hauigusi. Mtalii akinyang'anywa sarafu ya Kilwa uwanja wa ndege wa KIA, atarudi kwako kudai hela, na atakuwa na haki.

Nimelipa kwa simu, sarafu kumi zimetumwa kwa basi kutoka Dar. Zimefika saba. Naweza kurudisha muamala?
*Mama wa Njiro, Arusha*

Mama, kurudisha muamala ni huduma ya aliyekosea namba. Hela iliyomfikia uliyemkusudia haitarudi kwa njia hiyo, hata ukipiga simu dakika ileile. Mdai muuzaji kwa maandishi leo, ukimtumia picha ya bahasha, stakabadhi ya mzigo ya basi na sarafu saba zikiwa juu ya mizani.

Mzigo ujao, mwambie muuzaji apime bahasha ikiwa imefungwa na akutumie picha ya uzito kabla basi halijaondoka. Pale ofisi ya basi, ipime kabla ya kusaini. Uzito ukipungua, usisaini. Mwite karani, fungua mbele yake, simu ikirekodi tangu bahasha ikiwa nzima mpaka sarafu ya mwisho ihesabiwe.